Kidole, damu na mama mdogo

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa Ubungo Kibangu kwa baba mdogo. Ana miaka 58, usiku anaamka kukojoa mara nne. "Uzee huo," anasema. Wazee wa zamani walisema hivyo hivyo, mambo yakabaki chumbani mpaka mgongo ukaanza kuuma.

Novemba 2014 Ikulu ilipotangaza kuwa Rais Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, neno hilo likahamia kijiweni. Bahati mbaya likaja na utani wa kidole, na wengi wakaishia hapo. Wakati kipimo cha damu, PSA, Wamarekani walikiidhinisha kwa uchunguzi tangu 1994! Na huko kwao wanaume weusi hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe. Kipimo kikiwa juu si lazima iwe saratani, tezi iliyovimba tu nayo hukipandisha, ndiyo maana daktari huenda bado akahitaji kidole.

Mama mdogo hakutaka historia yangu. "Baba Asha, mimba zote tatu nimepimwa na madaktari wangapi? Nikisema naona aibu, unasema nenda tu."

Mzee kimya. Baadaye akaniuliza pembeni, hicho cha damu ni shilingi ngapi?