Pipa la Bwana Poubelle

Mfaransa akilitaja pipa la taka husema "poubelle", na pengine hakumbuki kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Eugène Poubelle alikuwa mkuu wa mkoa wa Seine, ambao ndani yake mlikuwa na jiji la Paris. Tarehe 24 Novemba 1883 alitia sahihi amri iliyoingia hadi jikoni mwa watu.

Kabla ya hapo taka zilimwagwa barabarani. Amri iliwataka wenye nyumba waweke mapipa yenye vifuniko, tena yawe ya namna tatu: vitu vya kuoza peke yake, karatasi na matambara peke yake, na vioo, vigae na maganda ya chaza peke yake. Yaani tayari palikuwa na vitu vilivyokatazwa kuchanganywa na maganda ya viazi.

Waliolia kwanza ni waokota matambara. Maelfu ya watu hao waliishi kwa kuchakura taka za barabarani: matambara yaliuzwa kwa watengeneza karatasi, mifupa kwa watengeneza gundi. Sasa riziki yao ilifungiwa pipani na kubebwa na mkokoteni alfajiri. Kelele zao zilisikika, na mwaka 1884 waliruhusiwa kumwaga taka juu ya turubai, wachambue, kisha wazirudishe. Magazeti nayo yalimkejeli mkuu kwa kuliita pipa jina lake. Kejeli ikazoeleka, ikawa neno.

Pipa lilibaki, lakini utengaji ulififia. Ufaransa iliurudia baada ya karne nzima: sheria ya Julai 1992 iliamuru kwamba kuanzia Julai 2002 majaa yapokee tu taka zisizofaa tena kwa kazi yoyote. Kuanzia Januari 2024, mabaki ya chakula nayo yanatakiwa yatengwe.

Nikiitazama historia hii, naona Poubelle hakukosea kutaka taka zitengwe. Alichosahau ni kwamba Paris ilikuwa na watengaji tayari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na thamani ya taka aliijua yule aliyeinama juu yake usiku kwa taa na kikapu. Amri ilimpa mwenye nyumba kazi asiyoitaka, ikamnyang'anya mwokotaji kazi aliyoiweza. Anayeandika leo orodha ya vitu visivyotakiwa jaani aulize kwanza: ni nani anayekula kwa vitu hivyo?