Lindo la Bahari na Moshi wa Nateete

Magari ya mizigo yatokayo Mombasa hupita Busega na Nateete yakielekea Masaka, Mbarara na nchi jirani. Askari wa usalama barabarani wa mitaa hiyo waujua moshi wake vema. Maji ya mvua ya Nateete hayafiki Bahari ya Hindi. Huingia mfereji wa Nalukolongo, yakashika njia ya mto Mayanja, upande wa Nile. Kinachofika ni moshi. Hewa ya kaboni iliyomo ndani yake huchanganyika na anga la dunia nzima, na takriban robo ya hewa hiyo humezwa na bahari, ambamo hugeuka asidi.

Kipimo cha asidi kiitwacho pH kilitungwa na Sørensen wa Denmark mwaka 1909. Tarakimu ikishuka, asidi imezidi. Tangu viwanda vya makaa ya mawe vilipoenea, maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Asiyezoea hesabu hii huenda akacheka, lakini maana yake ni kwamba asidi imezidi kwa karibu asilimia 30. Bahari haijawa kama ndimu. Ila chaza na matumbawe hupata taabu kujijengea chokaa. Na matumbawe ndiyo boma livunjalo mawimbi mbele ya Mombasa na Unguja.

Kulinda jambo hili si kazi nyepesi. Bahari hushuka takriban 0.002 tu kwa mwaka, hali maji ya pwani huweza kubadilika zaidi ya hapo kwa siku moja, kwa sababu ya kupwa na kujaa na nyasi za baharini. Kipimo cha siku moja hakithibitishi neno. Huhitajika miaka mingi ya kuandika bila kuruka, kama kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ambamo hata usiku wa shwari huandikwa. Huko Hawaii kazi hiyo imeendelea tangu 1988.

Uganda inao ushahidi wake, ingawa ni wa ziwa. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Jinja mwaka 1947. Katika miaka ya 1960 na 1961, Mwingereza Jack Talling alikuwa akipima huko maji ya Ziwa Viktoria. Hapakuwa na msiba wowote ziwani. Pengine wako waliodhani kazi ile ni kupoteza petroli bure. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, taasisi ikabaki mikononi mwa Uganda peke yake. Wataalamu walipolinganisha vipimo karibu na mwaka 1990, walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa, na maji ya kina yakikosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi. Pasipo daftari la Talling, wangesema ndivyo ziwa lilivyo tangu zamani.

Pwani haikupata bahati hiyo. Taasisi ya sayansi za bahari ya Unguja iliundwa mwaka 1978, na ya Kenya mwaka 1979, lakini upimaji wa kudumu wa asidi umeanza huko katika karne hii tu. Maji huchotwa kwa chupa ya kioo, nayo hutiwa sumu kidogo ya zebaki ili viumbe vilivyomo visiendelee kupumua na kuharibu kipimo. Kisha huandikwa tarehe, saa na joto.