Maysoon Zayid: Kicheko Kilichobadili Mwenyewe

Dereva alikuwa anatetemeka. Mchekeshaji maarufu aliyepakiwa garini alikuja kuling'amua hilo gari likiwa tayari linakata mbuga kwenye barabara kuu ya New Jersey, na Maysoon Zayid anasema sura ya mtu yule hataisahau. Hivyo ndivyo alivyoingia katika fani: kwa kuwaendesha wakubwa wa vichekesho kutoka jiji la New York kwenda kwenye maonyesho.

Zayid, Mmarekani wa wazazi Wapalestina, alizaliwa na mtindio wa ubongo, ndiyo maana hutetemeka. Kwa simulizi yake, daktari aliyemzalisha mama yake alikuwa amelewa, na mtoto akakosa hewa. Baba alimfundisha kutembea kwa kumsimamisha juu ya nyayo zake yeye mwenyewe: baba akiinua mguu, na binti ameinua. Fedha za mazoezi ya viungo hazikuwapo, basi wakampeleka kwenye darasa la dansi.

Ndoto yake ilikuwa uigizaji. Chuoni, Arizona, ilichaguliwa tamthilia yenye msichana mwenye mtindio wa ubongo. Nani angemshinda? Lakini nafasi akapewa mwanafunzi asiye na ulemavu, kwa maelezo kwamba Zayid asingeziweza purukushani za mhusika. Akawajibu kwamba ikiwa yeye haziwezi, basi hata mhusika haziwezi. Jibu hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi za haki za walemavu.

Akahamia kwenye vichekesho vya jukwaani. Mwaka 2003, miaka miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Waarabu wa Marekani wakiwa bado wanatazamwa kwa jicho la shaka, alianzisha pamoja na mchekeshaji mwenzake Dean Obeidallah tamasha la vichekesho la Waarabu Wamarekani jijini New York. Mwaka 2013, katika jukwaa la hotuba la TEDWomen, alianza kwa kuuambia ukumbi kwamba hajalewa; aliyelewa ni daktari. Watu wakaangua kicheko.

Sisi tunaosema hujafa hujaumbika tunajua pia majina ya utani waliyobandikwa viwete na vipofu mitaani kwetu. Kicheko cha majina hayo kilikuwa mali ya wengine. Zayid amekichukua, na sasa anayeamua nini kichekwe ni mwenye mwili wenyewe.

Mwaka 2019 alionekana katika *General Hospital*, tamthilia ya televisheni aliyoiota tangu utotoni. Aliigiza wakili.