Ushuru wa Asilimia 5: Unguja na Uchina Mbele ya Mabalozi

Aghalabu habari za Uchina ya ukoo wa Qing husomwa kama kwamba hazituhusu. Hapa Westmead tumezipitia upya, tukaiona Unguja ndani yake.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan aliafikiana na Wamarekani kwamba ushuru wa bidhaa zao uwe asilimia 5, na kesi baina yao wenyewe ziamuliwe na balozi wao. Waingereza wakafuata mwaka 1839, Wafaransa 1844. Sayyid aliridhia kwa kutafuta biashara na urafiki. Uchina ilifikia masharti ya namna hiyo baada ya kushindwa vitani, kuanzia mkataba wa Nanking wa 1842.

Forodha nazo zilitoka mikononi mwa wenyewe. Unguja ilizikodisha kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Uchina ilimkabidhi Mwingereza, Robert Hart, tangu 1863.

Tofauti ni hii: Peking ilifungua ofisi ya mambo ya nje, Zongli Yamen, mwaka 1861. Unguja mambo hayo yalibaki barazani kwa Sultani, na Sayyid Barghash akamtegemea mno balozi wa Kiingereza, John Kirk. London na Berlin zilipoafikiana mwaka 1886, Sayyid aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1890 Unguja ikawa himaya ya Uingereza.

Hatudai kwamba ofisi ingeiokoa dola; Uchina nayo ilipokonywa mengi. Lakini mshauri wa Sultani alikuwa mtumishi wa dola nyingine, na siku maslahi yalipogongana, alitii kwao. Wallahu a'lam.