Msanifu Alibanwa Mapema, Mjenzi Akaachwa Hadi 2011

Wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi nchini Kenya waliwekewa sheria ya usajili katika miaka ya 1930, enzi za mkoloni. Wahandisi wakapata yao mwaka 1969. Mwanakandarasi, mtu anayepokea pesa za mwenye ploti, anayekusanya vibarua alfajiri na kuamua ni mifuko mingapi ya saruji itaingia kwenye nguzo, hakuguswa na sheria ya namna hiyo hadi mwaka 2011. Kwa miaka karibu 80, aliyechora nyumba kwenye karatasi alihitaji kibali cha taaluma yake, na aliyeisimamisha hakuhitaji.

Nakuru ilijengwa na kukua ndani ya pengo hilo. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 pakatangazwa kuwa mji. Mafundi wa Kihindi walioletwa na reli, pamoja na Waafrika waliojifunza kwa kubeba mawe kabla ya kukabidhiwa mwiko, ndio waliojenga maduka, maghala na nyumba za mji huu wa wakulima. Idara ya ujenzi ya serikali ilikuwa na orodha ya wanakandarasi wake, lakini orodha hiyo ilihusu kazi za serikali. Aliyetaka kujengewa nyumba Bondeni au duka Njoro aliuliza majirani nani anajua kazi. Sifa ya fundi ndiyo iliyokuwa leseni yake, na tusiidharau: nyingi ya nyumba hizo zingali zimesimama.

Ila ardhi ya Bonde la Ufa ina mambo ambayo sifa ya fundi peke yake haiwezi kuyakabili. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, mojawapo ya makubwa zaidi kuwahi kupimwa Afrika Mashariki. Ardhi ilipasuka chini ya mteremko mkali wa Laikipia kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Majengo marefu hayakuwepo, na watu walikuwa wachache kuliko sasa, ndiyo maana tukio hilo halikubaki katika kumbukumbu za taifa kama maafa. Leo, kutoka Subukia hadi katikati ya Nakuru ni safari fupi ya matatu, na barabarani ghorofa hazihesabiki. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia London hadi Kaptembwo na Rhonda, wakazi wanajua vizuri kwamba mvua kubwa ikinyesha ardhi inaweza kutitia na kuacha shimo.

Serikali huru haikulala kabisa. Mwaka 1968 ilitoa sheria ndogo za ujenzi ambazo mabaraza ya miji yalizichukua na kuzitumia, na mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ikachapisha mwongozo wa kujenga katika maeneo ya matetemeko. Hati hizo zilieleza jengo liweje: unene wa ukuta, kina cha msingi, njia ya maji taka, dirisha la kupitisha hewa. Hazikuweka rejista ya nchi nzima ya watu wanaoruhusiwa kulijenga. Mwaka 1967 liliundwa pia Shirika la Kitaifa la Ujenzi, lenye kazi ya kuwafunza na kuwakopesha wanakandarasi Waafrika, maana kazi kubwa zilikuwa mikononi mwa kampuni za Wazungu na za Wahindi. Nia ilikuwa njema na ya haki. Lakini shirika lile lilitafuta kumwinua mjenzi, halikuwa na kazi ya kumkagua, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha lilikuwa limeporomoka.

Kisha majengo yenyewe yakaanza kuporomoka. Mwaka 1996 duka kubwa la Sunbeam liliwaangukia watu katikati ya Nairobi. Januari 2006 jengo lililokuwa bado likijengwa Nyamakima, humo humo Nairobi, liliwafukia vibarua wakiwa kazini. Kila mara kamati iliundwa na ripoti ikaandikwa, huku mwanakandarasi akiendelea kuwa mtu yeyote anayejiita hivyo.

Mwaka 1996 pia ndio Bunge lilipopitisha Sheria ya Mipango ya Ardhi, na hapa ningependa msomaji atazame tarakimu. Aliyejenga bila idhini ya baraza alikabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Mwaka 2019 sheria hiyo ilifutwa, na iliyochukua nafasi yake ikapandisha faini hadi shilingi 500,000, ila kifungo kikashuka hadi miezi 2. Faini iliongezeka mara tano, na jela ikapungua kutoka miaka mitano hadi siku zisizozidi sitini hivi. Kwa mwenye ghorofa ya mamilioni, nusu milioni huingia tu kwenye hesabu ya gharama za mradi. Ninaamini Bunge lilikosea hapo. Tajiri haogopi faini anayoweza kuilipa kwa kodi ya nyumba ya miezi michache; anaogopa kulala ndani.

Pengo la mwanakandarasi lilizibwa na Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, namba 41 ya mwaka 2011, iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Inasema hakuna mtu atakayefanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na mamlaka hiyo, ambayo watu wa mjengo wanaiita NCA. Anayekaidi, akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 1,000,000 au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za mwaka 2014 zikaongeza kwamba mwenye mradi naye lazima ausajili mradi wake. Wanakandarasi wa majengo wakapangwa katika ngazi nane: ya kwanza haina kikomo, ya nane huishia kazi za shilingi milioni 10.

Wengi hawajatambua jinsi sheria hii inavyomfafanua mwanakandarasi. Si lazima awe na ofisi wala tingatinga. Ni mtu anayemjengea mwingine kwa malipo, na ambaye analeta vifaa au kuamua vitumikeje, na kuchagua vibarua. Fundi wa Kaptembwo anayepewa pesa na mwalimu wa Molo aliye mbali, akanunua mawe na mchanga mwenyewe na kuwaita vijana wake, anaingia humo. Yeye anajiona fundi tu. Sheria inamwona mwanakandarasi asiye na leseni, mwenye miaka mitatu ya jela mbele yake. Na usajili unadai kampuni iliyoandikishwa na mkurugenzi mwenye ujuzi wa kiufundi uliothibitishwa, vitu ambavyo fundi aliyejifunzia kazini mara nyingi hana, hata kama ukuta wake umenyooka kuliko wa msomi.

Lakini msiba mkubwa zaidi wa ujenzi usio na kibali ambao eneo hili limeuona haukuletwa na fundi wa mtaani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka katika shamba kubwa la Solai, Kaunti ya Nakuru. Maji yalishuka na matope, mawe na miti juu ya nyumba zilizokuwa chini ya kilima, na watu 48 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Mamlaka ya maji ilisema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Yalikuwepo kwa miaka mingi, makubwa, yakionekana na kila aliyepita. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kukosa kibali wakati ambapo adhabu ingeokoa mtu. Seneti iliunda kamati iliyoongozwa na Mutula Kilonzo Junior, na mwaka huo huo watu tisa, wakiwemo maafisa wa umma, wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa ukisuasua, kisha Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Jamaa za marehemu waliendelea kupanda na kushuka kortini huku makaburi yakiota nyasi.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani adhabu kali kwa mafundi ndiyo dawa. Fundi ni rahisi kukamatwa: yuko saiti, amepaka saruji viatuni, hana wakili. Mwenye pesa aliyemtafuta makusudi kwa sababu ni nafuu, na afisa aliyepita nje ya geti akageuza uso, hao ndio sheria inawafikia polepole. Huruma, Nairobi, jengo lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa. Alama hiyo, ile X nyekundu, imepakwa kwenye kuta nyingi nchini. Wapangaji huipita kila asubuhi wakienda kazini na kuirudia jioni, maana hakuna aliyewaambia wahamie wapi.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mashine za kuchanganya kokoto hazijanyamaza tangu siku hiyo. Kanuni mpya za taifa za ujenzi, zilizochapishwa mwaka 2024, zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025 na hatimaye kuzipumzisha zile za 1968. Serikali ya kaunti na NCA zina sheria za kutosha sasa. Zianzie na miradi mikubwa yenye wenyewe wanaojulikana, na mafundi wenye ujuzi wasaidiwe kupimwa na kutambuliwa kabla ya kutishiwa jela. Nawe msomaji unayepanga kujenga, usitoe hata shilingi ya kwanza ya mawe kabla ya kuomba cheti cha NCA cha anayekujengea, kusoma ngazi yake, na kulihakiki jina lake kwenye rejista ya mamlaka hiyo.