Kamukunji: Shule iliyolea ndugu wawili wa soka

SHULE ya Upili ya Kamukunji, iliyoko Eastlands jijini Nairobi, inafahamika zaidi kwa kandanda. Miongoni mwa waliosomea humo ni ndugu wawili, McDonald Mariga, aliyezaliwa mwaka wa 1987, na Victor Wanyama, aliyezaliwa 1991. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards.

Mariga alijiunga na Inter Milan ya Italia mnamo 2010, na ndiye Mkenya wa kwanza kushiriki Ligi ya Mabingwa barani Ulaya. Mdogo wake aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona mwaka wa 2012. Mwaka uliofuata, akiwa Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kusakata soka katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mnamo 2019 alikuwa nahodha wa Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri.

Kwa vijana wa mitaa hiyo, timu ya shule imekuwa ngazi ya kupandia. Hata hivyo, wanaofika Ulaya ni wachache mno. Walio wengi hubaki kutegemea cheti cha kidato cha nne. Ndiyo maana kiwanja hakipaswi kulitenga darasa.