Tarehe ya Kaya za Wadigo

Wadigo wa pwani ya Kenya husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakisukumwa na Waoromo, na kwamba kati ya makabila tisa ya Mijikenda wao ndio waliotangulia kushika njia ya kusini. Walikuja na fingo, yaani kago la kuwalinda, wakalifukia msituni, wakajenga makao yao, kaya, hapo. Hali ilipotulia watu wakatoka kwenda kulima nje. Kaya ikabaki na makaburi, koma, yaani mizimu ya wahenga, na wazee wa ngambi, baraza lao.

Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Galu, ina hekta 30 tu. Humo hukati mti, huokoti hata tawi kavu, wala huingii bila kaniki kiunoni. Uislamu ulipoenea, wengi walioswali msikitini waliendelea kuja hapo kuomba mvua, na sijui kwa nini wageni hulishangaa jambo hilo kuliko wenyewe.

Kilichowashinda wazee ni hati za viwanja. Hoteli za Diani zilipozidi, Kaya Diani ikamegwa. Kisiwa cha Chale, nacho kaya, kikajengewa hoteli. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, ikiwa imechelewa. Kinondo ikawafungulia watalii mlango 2001 kwa masharti yaleyale ya kaniki, na 2008 ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda.

Mtihani mkubwa ulikuja kwenye kilima cha Mrima, nacho kaya, kusini zaidi. Chini ya msitu wake mna madini ya niobiamu. Kampuni ya Cortec ilinyang'anywa leseni 2013, ikaishtaki Kenya mbele ya jopo la usuluhishi la Benki ya Dunia, na 2018 ikashindwa: leseni ilitolewa bila kufuata sheria za kulinda eneo hilo. Safari hii karatasi iliusaidia mwiko.

Wahawaii wangeielewa kesi hiyo. Kwao shimo la volkano ya Kilauea ni makao ya Pele, mungu wao wa kike wa moto, na theluji ya mlima Mauna Kea ni ya mungu mwingine wa kike, Poliʻahu; Julai 2019 wazee wao walikaa barabarani wakakamatwa ili darubini kubwa isipande mlima huo. Mrima nako hakujaachwa. Mwaka 2025 watu wa ng'ambo walikuwa wakiulizia tena madini yake, na mizimu ya Wadigo imo katika msitu huohuo.